Kijiji Kilichosema Ndiyo Mara Mbili

Watu mia tatu na kumi na wawili wa kijiji cha Nyakabondo, wilayani Kasulu, walikubali katika mkutano mmoja kwamba Katiba mpya ipigiwe kura na wananchi wote. Dakika chache baadaye, watu walewale mia tatu na kumi na wawili walikubali kwamba Katiba hiyo ipitishwe na wabunge peke yao, bila kura ya wananchi.

Yote mawili yaliandikwa kwenye fomu moja. Aliyelaumiwa ni mwendesha baiskeli.

Saa moja asubuhi, Tharsisi Ndayikunda anasukuma baiskeli yake kupanda mlima wa mwisho kabla ya Kasulu mjini. Nyuma kuna mikungu sita ya ndizi, mitatu kila upande, na juu yake mfuko wa mihogo mikavu. Hapandi. Baiskeli yenye mzigo kama huo hapandi mtu. Bega moja ameliweka kwenye mkungu, mkono mmoja uko kwenye usukani, na anatembea amejikunja kama anayetafuta sindano barabarani.

"Bwana Makofi!" anaita mwanamke anayeuza maandazi kando ya njia. "Leo umekuja kuandikisha nini?"

"Nimekuja kuandikisha maandazi yako. Unakubali au unakataa?"

"Nakubali!"

"Basi lete mawili, nimeshaandika."

Mwanamke anacheka, anampa moja.

Tharsisi ana miaka 38. Kazi hii ameifanya miaka kumi na mitatu. Hubeba ndizi, mihogo, maharage na wakati mwingine mgonjwa, kutoka Nyakabondo, njia ya Kagerankanda, hadi Kasulu au hospitali ya Kabanga. Safari moja yenye mzigo ni saa nne. Hulipwa shilingi mia tano kwa mkungu mkubwa, na siku nzuri hurudi nyumbani na elfu tatu. Siku mbaya hurudi na hewa kwenye matairi.

Alizaliwa Burundi. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivuka mpaka upande wa Kibondo akiwa amemshika mama yake gauni. Alisoma Nyakabondo hadi darasa la nne, akaacha kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na shamba halikuwa na mtu. Cheti cha uraia wa Tanzania alikipata mwaka 1989. Mwaka 1997, watu wa asili ya Burundi walipokuwa wakisombwa kupelekwa makambini, alisimamishwa mara tatu barabarani na mara tatu akakitoa kile cheti.

"Kimelowa jasho mpaka muhuri umeanza kuondoka," anasema. "Nikaenda kukitia nailoni."

Kwa sababu ya kazi yake, Tharsisi ni mmoja wa watu wachache kijijini wanaozungumza Kiswahili cha ofisini na Kiha cha nyumbani bila kukwama. Ndiyo maana Novemba mwaka jana, ulipoitishwa mkutano wa maoni ya Katiba, mtendaji wa kijiji, Stanislaus, alimwita awe mkalimani.

Mkutano ulifanyika Jumanne, kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti alisoma maswali kwa Kiswahili. Tharsisi aliyageuza kwa Kiha. Mwalimu Kudra, aliyehamishiwa shule ya Nyakabondo kutoka Handeni miezi miwili tu kabla, aliombwa aandike majibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Lililofuata linahitaji kueleweka na mtu asiye wa huku. Kwa Waha, mtu mwenye heshima akisimama na kusema jambo, hamwachi hivihivi. Mnakunja viganja na kumpigia makofi ya polepole, wote pamoja. Maana yake ni kwamba mmemsikia. Kukubali ni jambo jingine, linakuja baadaye. Anayesema upuuzi pia hupigiwa, ilimradi amesema kwa heshima.

Mwenyekiti aliuliza kama wanataka Katiba mpya ipigiwe kura na wananchi wote. Tharsisi akageuza. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mwalimu Kudra akahesabu mahudhurio, akaandika: 312, ndiyo.

Mwenyekiti akauliza kama wanataka ipitishwe na wabunge. Tharsisi akageuza. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mwalimu Kudra akaandika: 312, ndiyo.

"Nilishangaa kidogo," anakiri mwalimu, mwanamke mwenye miaka ishirini na saba na kicheko cha karibu. "Lakini nilijiambia, watu wa huku wapole, labda hawapendi kumkatalia mtu. Nikaangalia pembeni, nikamwona hata mkalimani mwenyewe anapiga makofi. Nikasema basi, kama huyu anayejua lugha zote mbili amekubali mara mbili, mimi nani?"

Tharsisi hakatai. "Nilipiga. Ningeachaje? Mwenyekiti alikuwa amesema vizuri."

Yeye, kama wanakijiji wengine, alidhani kura yenyewe ingefuata. Nyakabondo wanapochagua, hupanga mistari: wanaotaka hiki nyuma ya huyu, wanaotaka kile nyuma ya yule. Wote walikuwa wakingoja kupanga mstari. Badala yake ikaja mvua ya mawe. Mwenyekiti akafunga mkutano huku amejifunika faili kichwani, watu wakakimbia, na kila mmoja akafika kwake akijua kwamba kura itapigwa siku nyingine.

Alhamisi, Tharsisi alikwenda Kasulu na mikungu mitano pamoja na bahasha ya mtendaji. Aliifikisha kwa karani aliyekuwa akipokea fomu za vijiji, mama mmoja anayeitwa Zuleha. Zuleha alifungua, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kaka, kijiji chenu kina watu wangapi?"

"Waliokuja mkutanoni ni mia tatu na kumi na wawili."

"Hapa naona mia sita na ishirini na wanne. Au mlikula mkashiba mkawa wawili wawili?"

Alimgeuzia karatasi. Tharsisi akasoma namba zote mbili.

"Nilijua palepale ni makofi," anasema. "Nikamweleza. Yule mama alicheka mpaka akaegemea kabati. Halafu akaacha kucheka akaniambia, mimi siwezi kukata jibu la kijiji kwa kalamu yangu. Leta karatasi nyingine, yenye majina yaleyale ya mahudhurio, kila mtu na neno lake. Mwisho Ijumaa ijayo saa kumi jioni. Baada ya hapo zinaondoka, na yenu itaondoka hivi ilivyo."

"Hivi ilivyo" maana yake ni kwamba majibu mawili yangefutana, na kijiji kizima kingehesabiwa kuwa hakikusema kitu.

Habari ilifika Nyakabondo kabla ya Tharsisi. Baiskeli nyingine, isiyo na mzigo, ilimpita njiani. Alipoingia kijijini, watu wawili walikuwa wamesimama mbele ya duka, na mmoja wao alikuwa mzee Hatungimana, mwenye shamba kubwa la migomba na mteja wake wa miaka tisa.

"Huyo anakuja," alisema mzee, kwa sauti ya kusikika. "Mrundi ametusemea. Huko kwao wamepiga kura yao ya katiba mwaka tisini na mbili, sasa amekuja kuharibu ya kwetu."

"Mzee, mimi nilikuwa hapa mwaka tisini na mbili. Nilikuwa nabeba ndizi zako."

"Ndizi ulibeba. Maneno yetu umeyapeleka wapi?"

Jioni hiyohiyo wateja wanne walikataa kumpa mzigo wa kesho yake. Hatungimana alikuwa wa kwanza.

"Hilo la ndizi lingenipita," anasema Tharsisi. "Njaa naijua. Lakini miaka ishirini na sita niko hapa. Nimezika hapa, nimeoa hapa. Mtu aseme nimeuza maneno ya kijiji? Nikamwambia mama Loyce, hiki kitu lazima kinyooke, hata kama nitatambaa."

Mama Loyce ni mkewe, Philomena. Hakuguswa na hotuba hiyo.

"Nilimuuliza, baba Loyce, shamba letu la maharage atalipanda nani?" anasimulia. "Mvua zimeshika, watu wote wako kwenye matuta. Akanijibu, siku mbili tu. Siku mbili! Mwanaume akisema siku mbili, mwanamke ahesabu vidole vya mikono yote."

Mkutano mwingine haukuwezekana. Stanislaus alisema mkutano unataka tangazo la siku saba, na msimu wa kupanda hakuna atakayetoka shambani mara mbili kwa jambo moja. Mwalimu Kudra alitoa daftari jipya, akachora safu mbili, ya wananchi na ya wabunge, na akanakili majina yote 312. Tharsisi akaanza nyumba kwa nyumba, Ijumaa asubuhi, akiwa amevaa shati la kanisani.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili.

Mtu aliyevaa shati la kanisani akibisha hodi Nyakabondo, huyo ni mgeni. Mgeni haulizwi swali wala haulizi swali kabla hajakaa. Anasalimiwa, makofi, mkeka unatandikwa, habari za watoto, habari za mbuzi, kisha pombe ya ndizi kwenye kibuyu na mrija. Kukataa ni tusi. Kuuliza jambo la serikali kabla kibuyu hakijafika nusu ni tusi kubwa zaidi.

Hadi jua kuzama alikuwa amemaliza nyumba nne, watu kumi na mmoja, na vibuyu vinne. Baiskeli ilimrudisha nyumbani kwa kumbukumbu zake yenyewe.

"Aliniambia kazi inakwenda vizuri sana," anasema Philomena. "Nikaangalia daftari. Majibu matatu ya mwisho yameandikwa juu ya jalada."

Ni Philomena aliyepata njia. Alimwambia aache nyumba, aende mashambani. Mtu aliyeko shambani hana mkeka, hana kibuyu, na salamu ya shambani ni fupi: pole na kazi, basi. Hakuna anayekuwa mgeni mbele ya jembe.

Kesho yake alivaa suruali ya kazi na kwenda mashambani. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa na shimo moja tu, nalo kila Muha analijua: ukiwakuta watu wanalima, husemi shida yako huku umesimama. Unapokea jembe. Unalima matuta mawili, kisha unasema.

"Nilikuwa nimesahau?" Tharsisi anacheka. "Hapana. Nilidhani wataniona nina haraka wanisamehe. Nani akusamehe jembe?"

Shamba la kwanza lilikuwa la bibi Akimana, mjane wa miaka sabini hivi. Alimpa jembe kabla hajafungua mdomo. Matuta mawili yakaisha. Tharsisi akatoa daftari.

"Bibi, Katiba mpya. Unataka tuipigie kura wote, au waipitishe wabunge?"

"Hiyo Katiba nimeiona?"

"Bado haijaandikwa."

"Kwa hiyo unaniuliza nani aonje chakula ambacho hakijapikwa."

"Ndiyo, bibi. Kikiiva, nani aonje?"

Bibi Akimana aliegemea jembe lake. "Mimi ndiye nitakayekula?"

"Sote tutakula."

"Basi mimi nionje. Andika wananchi. Na tuta lile la pili hujalifunika vizuri, rudi."

Alirudi.

Kwa Nsengimana, mtengeneza matofali anayelima kwa msimu, mambo yalikuwa ya aina nyingine. Nsengimana alitangaza kwamba nyumba yake inasema wabunge, yote, watu wanne. Mkewe alikuwa mita ishirini chini, ameinama, hakuinuka.

"Nyumba haina mdomo," alisema kutoka kulekule chini. "Mimi ninao. Tharsisi, mimi niandike wananchi."

"Mama, tulizungumza jana!" Nsengimana alipaza sauti.

"Ulizungumza. Mimi nilikuwa nakupigia makofi."

Watu wa mashamba matatu walicheka. Tharsisi aliandika wabunge watatu, mwananchi mmoja. Kabla hajaondoka, mama mkwe wa Nsengimana alimvuta kando akabadilisha lake.

Jumapili hakuna aliyelima. Alisimama nje ya kanisa na kupata watu arobaini kabla jua halijawa kali. Jumatatu tairi la nyuma lilipasuka, akaendelea kwa miguu. Mwalimu Kudra alikuwa akimfuata kila jioni baada ya vipindi, akimsomea mtu jina lake na jibu lake, ili asije mtu akasema ameandikiwa. Naye alipewa jembe. Ni mara ya kwanza, anasema, kuona kikao cha Katiba kinachoanza kwa kufukia mbegu.

"Wengi walinisaidia kuuliza," anasema mwalimu. "Wengine walimtania tu. Wanamwona anakuja, wanatupa majembe chini, wanapiga makofi. Anawaambia, acheni! Hayo ndiyo yaliyoniponza! Wanapiga zaidi."

Hadi Jumatano jioni daftari lilikuwa na watu 271. Ilibaki siku moja ya kuuliza na watu 41, wengi wao ng'ambo ya mto, na mmoja wao alikuwa mzee Hatungimana.

Tharsisi alimwacha awe wa mwisho. Hafichi kwamba aliogopa. Alhamisi saa kumi na moja jioni alimkuta mzee kwenye migomba yake, akipanda maharage katikati ya mashina. Mwalimu Kudra alikuwa naye.

"Pole na kazi, mzee."

Mzee aliinuka. Alimnyooshea jembe. Tharsisi akalima matuta mawili. Mzee akaonyesha kidole, matuta mengine mawili. Akalima. Kidole tena. Alipomaliza la sita, viganja vyake vilikuwa vimechubuka na mpini ulikuwa na damu. Mzee akaangalia mpini, akakaa juu ya gogo la mgomba.

"Sema sasa."

Tharsisi akauliza swali kama alivyowauliza wengine wote.

"Wewe mwenyewe umesema nini?" mzee akauliza.

"Wananchi."

"Basi mimi wabunge. Tuliwachagua, wafanye kazi. Mimi nina migomba. Utaandika hivyo?"

"Nitaandika ulichosema."

"Hata kama ni kinyume chako?"

"Mzee, kalamu hii hapa. Jina lako hili hapa. Safu ya wabunge."

Aliandika. Mzee Hatungimana hajui kusoma, na hakumwamini kwa macho. Alichukua daftari akampa mwalimu.

"Mwalimu, wewe si Muha wala Mrundi. Nisomee."

Mwalimu Kudra akasoma: "Hatungimana. Wabunge."

Mzee akalichukua daftari, akalifunga. Kisha akakunja viganja, akapiga makofi ya polepole, mara tatu.

"Hayo ni ya ndiyo au ya nimesikia?" mwalimu akauliza.

"Ya huyu mjinga," alisema mzee. "Tharsisi, Jumamosi nina mikungu minane. Bei ileile. Na usiniletee daftari tena shambani kwangu."

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: wananchi 171, wabunge 128, na watu 13 waliosema hawana neno. Jumla 312. Ijumaa Tharsisi aliazima baiskeli ya Stanislaus, akafika Kasulu saa tisa na nusu. Mama Zuleha alipitisha kidole kwenye kila ukurasa, akagonga muhuri.

"Safari hii hamkushiba," alimwambia.

Maoni ya Nyakabondo yameondoka pamoja na ya vijiji vingine. Kama kura ya wananchi itakuja au haitakuja, hakuna kijijini anayejua, na Tharsisi hajidai kujua. Anataka ije. Mjomba wake, aliyebaki Burundi, aliwahi kumsimulia jinsi walivyopanga foleni mwaka 1992 kuipigia kura katiba yao, na jinsi mtu anavyojisikia karatasi inapodondoka sandukuni. Yeye hajawahi kuulizwa hivyo katika nchi yoyote.

"Ikija, nitafika kituoni alfajiri, niwe wa kwanza," anasema, huku akifungua kamba za mikungu kwenye soko la Kasulu. "Na mkalimani watafute mwingine. Mimi nitakuwa mpiga kura tu, mikono mfukoni."

Kijiji nacho kimepitisha jambo moja, safari hii kwa mistari miwili iliyohesabiwa: katika mkutano wa kuandika majibu, makofi hupigwa kabla ya swali, ili heshima imalizike mapema.

Siku hizo nane Tharsisi hakubeba mzigo hata mmoja. Vibuyu vinne vya pombe alivyokunywa Ijumaa ya kwanza anavihesabu kwenye hasara, Philomena anavihesabu kwingine. Tairi la nyuma lilikwenda, na shati la kanisani lilichanika kwenye uzio wa mtu. Katika mashamba ya watu wengine hamsini na nane alilima matuta 120, manne ya ziada yakiwa ya mzee Hatungimana. Shamba lake mwenyewe, nusu eka, lilipandwa wiki mbili baada ya wenzake, mvua ikiwa imeanza kukatika. Msimu uliotangulia lilitoa debe tisa za maharage. Mwezi huu wamevuna, Philomena amepima mwenyewe: debe tatu.